Sigara na Kiungo Kipya: Kwa Nini Daktari wa Mifupa Hukutaka Uache Kuvuta Kabla ya Upasuaji

Mgonjwa anayepangiwa upasuaji wa kubadilisha nyonga au goti huulizwa mambo mengi anapofika kliniki ya mifupa. Je, ana kisukari? Presha yake ikoje? Anatumia dawa gani? Ana jino bovu au kidonda chochote mwilini? Katikati ya maswali hayo kuna moja ambalo wengine hulijibu haraka haraka, wengine kwa kicheko, na wengine kwa kuficha ukweli: "Unavuta sigara?"

Swali hilo halina nia ya kumhukumu mtu. Jibu lake humsaidia daktari kukadiria iwapo mshono utafunga vizuri au utatoa usaha kwa miezi, na iwapo mgonjwa atarudi shambani au sokoni akitembea mwenyewe au atarudishwa tena kwenye meza ya upasuaji. Kwa familia ambayo imesubiri tarehe kwa muda mrefu, na pengine kufanya harambee ili kufikia gharama, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Habari njema ni kwamba hatari hii, tofauti na umri au historia ya familia, inaweza kupunguzwa na mgonjwa mwenyewe. Na muda unaohitajika si miaka. Wiki chache tu zinaweza kubadilisha mambo.

Makala haya yanaeleza kinachotokea mwilini mwa mvutaji anapofanyiwa upasuaji wa aina hii, utafiti umeonyesha nini, na hatua ambazo mgonjwa na jamaa zake wanaweza kuchukua.

UPASUAJI WENYEWE NI UPI?

Kiungo chenye afya kina gegedu, yaani ile tabaka laini na telezi inayofunika ncha za mifupa ili isisagane. Gegedu likiisha, mfupa hugusana na mfupa. Mgonjwa huumia akipanda ngazi za matatu, akiinuka kitini na hata akigeuka kitandani usiku. Hali hii huletwa zaidi na yabisi ya viungo inayokuja na umri, uzito mkubwa au jeraha la zamani. Wengine huipata kutokana na baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake. Wengine ni vijana wenye ugonjwa wa selimundu, ambao kichwa cha fupa la paja hukosa damu na kuanza kufa.

Dawa za maumivu, mazoezi na kupunguza uzito zinaposhindwa kusaidia, daktari anaweza kupendekeza kubadilisha kiungo. Sehemu iliyoharibika huondolewa na mahali pake huwekwa kiungo bandia cha madini maalumu na plastiki ngumu, au kauri. Kiungo hicho hushikizwa kwenye mfupa kwa saruji ya kitabibu, au huwekwa bila saruji ili mfupa wenyewe ukue na kukikamata.

Upasuaji huu si jambo la majaribio. Nyonga bandia ya kisasa ilipata umbo lake mwaka 1962 kupitia kazi ya daktari John Charnley katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, na tangu wakati huo mamilioni ya watu duniani wamefaidika. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2019, kwa kutumia kumbukumbu za wagonjwa wa nchi zilizoendelea, ulionyesha kwamba takriban nyonga bandia 6 kati ya 10 na magoti bandia 8 kati ya 10 hudumu kwa miaka 25.

Kiungo kilichowekwa vizuri, basi, kinaweza kumtumikia mtu kwa robo karne. Lakini ili kifike huko lazima kwanza kivuke miezi ya mwanzo: kidonda kifunge, vijidudu visipate nafasi, na mfupa ukubali mgeni wake. Hapo ndipo sigara huingilia kati.

SIGARA HUFANYA NINI MWILINI?

Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000. Kwa mgonjwa wa upasuaji, mbili kati ya hizo zinastahili kueleweka vyema: nikotini na gesi ya kaboni monoksidi.

Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Chukua mfano wa mpira wa kumwagilia shamba. Ukiukanyaga, maji hayaishi tangini, lakini mche ulio mwisho wa mstari hunyauka. Vivyo hivyo, damu ya mvutaji ipo, lakini ile inayofika kwenye ngozi iliyokatwa na kushonwa hupungua. Pamoja na damu hupungua pia hewa ya oksijeni, chakula cha seli na askari wa mwili wanaopambana na vijidudu. Hata dawa za antibiotiki anazopewa mgonjwa husafiri kwa damu hiyo hiyo.

Kaboni monoksidi ni gesi ambayo Wakenya wengi wanaifahamu kwa njia ya huzuni. Ndiyo ile inayotoka kwenye jiko la makaa na kuua watu waliolala katika chumba kilichofungwa madirisha wakati wa baridi. Gesi hii hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Chembe iliyokwisha kukamatwa na gesi hiyo haiwezi kubeba oksijeni. Kwa mtu anayevuta sigara nyingi kila siku, sehemu ya damu iliyokamatwa hivyo inaweza kufika asilimia 10 au zaidi. Hafi, wala huenda asihisi lolote, lakini mwili wake unafanya kazi kwa oksijeni pungufu wakati unapohitaji nyingi zaidi ili kuponya jeraha kubwa.

Zaidi ya hayo, moshi hudhoofisha seli nyeupe zinazoua bakteria, na hupunguza utengenezaji wa kolajeni, ambayo ndiyo nyuzi zinazounganisha ngozi na nyama zilizokatwa. Kwenye mifupa, tumbaku huzorotesha kazi ya seli zinazojenga mfupa mpya. Ndiyo maana mvutaji aliyevunjika mguu mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi kuunga kuliko mwenzake asiyevuta.

Mapafu nayo yana vinyweleo vidogo mno vinavyofagia makohozi na uchafu kwenda nje. Moshi huvilemaza. Mtu akipewa nusukaputi au akilala kitandani siku kadhaa baada ya upasuaji, makohozi hubaki ndani na kuwa makao ya vijidudu.

MATATIZO BAADA YA UPASUAJI

Madaktari hutaja makundi manne ya matatizo ambayo huwapata wavutaji zaidi kuliko wasiovuta.

La kwanza ni mshono usiopona. Kingo za kidonda huachana, hutoa majimaji au hugeuka nyeusi kwa kukosa damu. Katika goti, ambako ngozi ni nyembamba na kiungo bandia kiko karibu sana na juu, kidonda kilichofunguka ni mlango wazi wa vijidudu.

La pili, na linaloogopewa zaidi, ni maambukizi ndani ya kiungo chenyewe. Bakteria wakifika kwenye chuma au plastiki hujishikiza na kujifunika kwa utando mwembamba ambao seli za kinga na dawa haziupenyi kwa urahisi. Mfupa ulio hai hupelekewa damu na unaweza kujitetea, lakini chuma hakina mishipa ya damu. Maambukizi yakigunduliwa mapema, daktari anaweza kufungua, kusafisha na kubadilisha sehemu ya plastiki. Yakikomaa, mara nyingi kiungo chote hulazimika kutolewa. Mgonjwa huwekewa saruji iliyochanganywa na antibiotiki kwa muda, hutumia dawa kali kwa wiki nyingi, kisha hupasuliwa tena ili kuwekewa kiungo kingine. Hizo ni operesheni mbili juu ya ile ya kwanza, na miezi mingi ya kutembelea mikongojo bila kufanya kazi.

La tatu ni kiungo kulegea kabla ya wakati wake. Mfupa usiokua vizuri hushindwa kukikamata kiungo bandia. Maumivu hurudi, na mgonjwa hulazimika kufanyiwa upasuaji wa marudio, ambao ni mgumu na wa gharama zaidi kuliko wa kwanza.

La nne ni matatizo ya mapafu na moyo. Nimonia, kupumua kwa shida baada ya nusukaputi, mshtuko wa moyo na kiharusi huwapata zaidi wanaovuta. Hata mgonjwa anayedungwa ganzi ya uti wa mgongo badala ya kulazwa kwa nusukaputi hajaepuka hatari hizi zote, kwa sababu moyo na mapafu yake ni yale yale.

Haina maana kwamba kila mvutaji atapatwa na mabaya haya. Kuna waliovuta wakapona vizuri, na kuna wasiovuta waliopata maambukizi. Lakini daktari hupanga upasuaji kwa kuangalia uwezekano, na uwezekano wa mvutaji kupata tatizo ni mkubwa zaidi.

UTAFITI UMEONYESHA NINI?

Kama sigara huleta madhara, je, kuiacha wiki chache tu kabla ya upasuaji kunasaidia? Swali hilo lilijibiwa kwa njia ya wazi katika utafiti uliofanywa kwenye hospitali 3 za eneo la Copenhagen nchini Denmark, na kuchapishwa mwaka 2002 katika The Lancet.

Watafiti waliwachukua wavutaji 120 waliokuwa wakisubiri kubadilishiwa nyonga au goti na kuwagawa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa huduma ya kawaida. Kundi la pili lilianza kusaidiwa wiki 6 hadi 8 kabla ya upasuaji: walikutana na muuguzi kila wiki, wakapewa ushauri na dawa mbadala za nikotini, wakihimizwa kuacha kabisa au kupunguza angalau nusu.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Katika kundi la huduma ya kawaida, wagonjwa 52 kati ya kila 100 walipata tatizo la aina fulani baada ya upasuaji. Katika kundi lililosaidiwa, walikuwa 18 kati ya 100. Matatizo ya kidonda yalikuwa asilimia 31 upande mmoja na asilimia 5 upande wa pili. Waliolazimika kupasuliwa tena walikuwa asilimia 15 dhidi ya asilimia 4.

Ulikuwa utafiti mdogo, lakini nyingine zilizofuata zimeelekeza upande huo huo. Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti iliyokusanya ushahidi kuhusu tumbaku na upasuaji wa aina mbalimbali. Ripoti hiyo ilisema kwamba anayeacha takriban wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya matatizo, na kwamba kila wiki moja bila tumbaku baada ya hizo 4 huboresha matokeo kwa asilimia 19.

Vipi kuhusu wale wasio na muda wa kujiandaa? Mzee aliyeteleza bafuni na kuvunjika shingo ya fupa la paja hawezi kuambiwa asubiri wiki 6. Anahitaji upasuaji haraka, na mara nyingi ni wa kubadilishiwa nusu ya nyonga au nyonga yote. Utafiti uliofanywa Stockholm nchini Uswidi na kuchapishwa mwaka 2010 uliwaangalia wavutaji waliopasuliwa kwa dharura kwa sababu ya kuvunjika mifupa. Waliosaidiwa kuacha sigara katika wiki 6 baada ya upasuaji walipata matatizo kwa asilimia 20, ikilinganishwa na asilimia 38 ya wale ambao hawakusaidiwa. Kwa maneno mengine, hata aliyechelewa hajachelewa kabisa.

SAA, SIKU NA WIKI: MWILI HUANZA LINI KUPONA?

Mwili hauchukui muda kuanza kujirekebisha. Katika saa 24 za mwanzo bila moshi, sehemu kubwa ya kaboni monoksidi huwa imetoka kwenye damu na oksijeni hupata nafasi yake. Ndiyo maana hata mgonjwa aliyeshindwa kuacha mapema huombwa asivute siku ya upasuaji wala siku moja kabla yake.

Kadiri wiki zinavyopita, mzunguko wa damu kwenye ngozi huimarika na uwezo wa seli za kinga kuua vijidudu hurejea. Karibu wiki ya 4, hatari ya kidonda kuambukizwa huwa imepungua kwa kiasi kinachoonekana. Mapafu huchukua muda zaidi. Vinyweleo vyake huhitaji wiki kadhaa ili kurudia kazi ya kufagia.

Kwa hiyo ushauri unaotolewa mara nyingi ni huu: acha angalau wiki 4 kabla ya upasuaji, na ikiwezekana wiki 6 hadi 8. Kwa vile tarehe za upasuaji wa kupangwa hutolewa mapema, muda wa kusubiri unaweza kutumiwa kama muda wa kujitayarisha.

Wapo wanaoamini kwamba kuacha siku chache kabla ya upasuaji ni hatari kuliko kuendelea, kwa sababu eti mapafu hujaa makohozi. Ushahidi uliopo hauungi mkono dhana hiyo. Siku yoyote ya kuacha ni siku nzuri, ingawa ya mapema ni bora zaidi.

Wakati mwingine daktari huahirisha upasuaji wa mgonjwa anayeendelea kuvuta. Jambo hili huumiza, hasa kwa mtu aliye na maumivu ya kila siku, na baadhi hulichukulia kama adhabu. Daktari hapo anapima mizani mbili: maumivu ya kusubiri wiki chache zaidi, na hatari ya maambukizi yanayoweza kuchukua mwaka mzima kutibu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza sababu, kupewa tarehe mpya na kuelekezwa kwenye msaada wa kuacha. Kumwambia mtu "acha" bila kumwonyesha njia hakutoshi.

UGORO, SHISHA NA SIGARA ZA KIELEKTRONIKI

Katika utafiti wa kitaifa kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanywa mwaka 2014, asilimia 11.6 ya Wakenya wazima, yaani takriban watu milioni 2.5, walikuwa wakitumia tumbaku. Miongoni mwa wanaume ilikuwa asilimia 19.1 na miongoni mwa wanawake asilimia 4.5. Lakini si wote walikuwa wakivuta. Miongoni mwa wanawake, tumbaku isiyo ya moshi kama vile ugoro ndiyo iliyotumika zaidi.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Mama mzee anayenusa au kuweka ugoro mdomoni akiulizwa kama anavuta sigara atajibu "la", na atakuwa amesema kweli. Lakini ugoro na kuberi zina nikotini, tena nyingi. Ni muhimu kumweleza daktari kila aina ya tumbaku inayotumika, hata kama hakuiuliza kwa jina. Anayetafuna miraa au muguka pia aseme, kwa sababu vitu hivyo huongeza mapigo ya moyo na presha, na wengi huvitumia sambamba na sigara.

Shisha, ambayo ilipigwa marufuku nchini mwishoni mwa mwaka 2017, si salama kwa sababu moshi wake hupita majini. Maji hayaondoi kaboni monoksidi, na makaa yanayotumika huongeza gesi hiyo. Sigara za kielektroniki na vifuko vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo navyo humpa mtumiaji nikotini, na hatakiwi kuvitumia kama njia ya kujitayarisha kwa upasuaji bila kuzungumza na daktari.

Kupunguza je? Mtu aliyetoka sigara 20 hadi 5 kwa siku amepiga hatua, na hatua hiyo inaweza kumfikisha kwenye kuacha kabisa. Lakini kila sigara hurudisha kaboni monoksidi kwenye damu. Lengo la kabla ya upasuaji ni sifuri.

NJIA ZA KUACHA ZINAZOSAIDIA

Nikotini hujenga uraibu. Anayeshindwa kuacha kwa mara ya kwanza si mtu dhaifu, na wengi waliofaulu walijaribu zaidi ya mara moja. Yafuatayo yamesaidia wengi:

Chagua siku ya kuacha. Iandike, waambie watu wa nyumbani, na siku hiyo ondoa sigara, kibiriti na kisahani cha majivu. Kwa aliye na tarehe ya upasuaji, hesabu wiki 6 hadi 8 kurudi nyuma.

Omba ushauri nasaha. Mazungumzo mafupi na muuguzi au mshauri, yakirudiwa kila wiki, huongeza uwezekano wa kufaulu. Hivyo ndivyo walivyofanya wagonjwa wa Copenhagen.

Uliza kuhusu dawa. Vibandiko na chingamu za nikotini, ambazo zimekuwa katika orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu mwaka 2009, humpa mtu nikotini kidogo kidogo bila moshi wala kaboni monoksidi, na hupunguza hamu. Kuna pia vidonge ambavyo daktari anaweza kuandika. Kwa mgonjwa wa upasuaji, kipimo na muda wa kutumia dawa hizi viamuliwe na daktari wake.

Ijue hamu. Hamu ya sigara hupanda kwa dakika chache kisha hushuka. Kunywa maji, tembea hadi langoni, tafuna njugu au kipande cha muwa, mpigie mtu simu. Hasira, kukosa usingizi na kichwa kuuma huwa vikali katika siku za mwanzo, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4.

Epuka vichochezi. Kama sigara huja na chai ya saa nne, badilisha mahali pa kunywea chai. Kama huja na pombe au miraa, kaa mbali na baraza hiyo kwa muda. Pombe yenyewe pia huchelewesha kupona.

Ukiteleza, usikate tamaa. Sigara moja isiwe sababu ya kununua pakiti. Anza tena siku hiyo hiyo, na umweleze muuguzi ukweli.

JAMAA WANA NAFASI YAO

Mgonjwa anayelala chumba kimoja na mvutaji huvuta moshi wa mwenzake. Familia inaweza kukubaliana kwamba hakuna atakayevuta ndani ya nyumba, kuanzia wiki za matayarisho hadi mgonjwa atakapopona. Wengine wameona huu kuwa wakati mzuri wa baba na mwana kuacha pamoja.

Wanaokuja kumjulia hali hospitalini wakumbuke kwamba Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma, zikiwemo hospitali. Kumpelekea mgonjwa sigara kwa siri, hata kwa nia ya kumliwaza, ni kumharibia alichokijenga.

BAADA YA UPASUAJI

Wagonjwa wengi huona wameshinda mara tu wanapotolewa thieta, na hapo ndipo wengine hurudia sigara. Ilhali kazi ya kupona ndiyo kwanza inaanza. Ngozi hufunga katika wiki 2 hadi 3, lakini nyama za ndani na mfupa huendelea kujijenga kwa miezi. Inashauriwa kutovuta kabisa kwa angalau miezi 3 baada ya upasuaji, na aliyekwisha kufika hapo ana kila sababu ya kutorudia tena.

Mgonjwa aendelee na mazoezi aliyopewa na mtaalamu wa tiba ya viungo, ale chakula chenye protini kama mayai, maharagwe, ndengu, samaki au maziwa, na atumie dawa zake jinsi alivyoelekezwa. Arudi hospitalini bila kungoja siku ya kliniki akiona mojawapo ya dalili hizi:

- mshono unatoa usaha au majimaji, au kingo zake zimeachana;
- wekundu, joto au uvimbe unaozidi kuongezeka kuzunguka kidonda;
- homa au kutetemeka kwa baridi;
- maumivu ya kiungo yanayozidi badala ya kupungua;
- uvimbe na maumivu kwenye muundi;
- kifua kuuma au kupumua kwa shida. Hii ni dharura.

Asijaribu kujitibu kwa antibiotiki za dukani. Dawa isiyofaa inaweza kuficha maambukizi kwa muda huku yakiendelea kuenea ndani, na hufanya iwe vigumu kwa maabara kutambua bakteria husika.

PA KUANZIA

Mkazi anayesumbuliwa na nyonga au goti aanzie kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, ambako atapimwa na, ikihitajika, kupewa rufaa ya kwenda kliniki ya mifupa. Ahakikishe amejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) na aulize mapema ni gharama zipi zitakazolipwa na zipi atakazobeba mwenyewe. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba wanaweza kumwelekeza.

Anayetaka kuacha tumbaku asisubiri barua ya rufaa. Anaweza kumwomba ushauri mhudumu wa afya katika ziara yoyote ile, au kupiga simu bila malipo kwa nambari 1192 ya NACADA, Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Matumizi ya Pombe na Dawa za Kulevya, na kuzungumza na mshauri.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa anayesubiri kiungo kipya, ufa wenyewe ni sigara ya leo, na ukuta ni upasuaji wa pili ambao pengine usingehitajika. Ikiwa tarehe yako ya upasuaji imetolewa, hesabu wiki zilizobaki na uanze wiki hii.